Mti Unaosubiri Baridi

...jani huvutwa kuelekea juu, si chini, Gakwaya anajikumbusha, maana mkono wenyewe unataka kushuka, tangu utoto umeshuka kwenye chuchu za ng'ombe asubuhi na jioni, nani atauambia leo upande, na ukishuka jani la mtufaha hung'oka na jicho lake, kile kinundu kidogo cha ua, basi tawi limekwisha... "Muzee Gakwaya, unatoa majani ao unakamua?" Bienvenu anapaza sauti kutoka mstari wa pili, "hiyo muti haina maziwa!" wanacheka, naye anacheka, maana kweli alikuwa akiupigia mti mluzi, mluzi uleule wa Bihogo, yule ng'ombe wake mwekundu aliyekuwa hatoi maziwa bila kubembelezwa, kule milimani Kivu ambako baridi iliuma masikio na ndama walilala wamebanana, huku Mbarara asubuhi ni ubaridi wa kuonja tu, na mti unautaka ule mkali wa kwao, Yudita alieleza, binti wa utafiti mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, "Mzee, hii miti inangoja baridi, baridi hapa hapana, basi inakaa tu na majani ya zamani, sisi tunatoa majani yote, inaamka," alidhani ni utani, kuvua mti nguo ili uzae, mpaka jana alipopita mstari wa kwanza, ile miti waliyoikwanyua mwezi uliopita ikabaki vijiti vitupu, akakuta maua, meupe yenye haya ya waridi, nyuki wamelewa, akasimama mdomo wazi kama bwana harusi... inakaa tu na majani ya zamani, jani lingine, polepole, kuelekea juu... "Mzee Gakwaya!" Yudita huyo, yuko getini kwenye miche ya kwenda nayo nyumbani, kila kibarua mche mmoja, gari ya mradi inarudi Nakivale, kambini kwa wakimbizi, mchana, "yako ulikataa, nampa Bienvenu ama?" ni kweli alikataa, miaka mitatu mpaka tunda la kwanza, baada ya miaka mitatu sisi tutakuwa kwetu, nani ale, na Mukarukundo mkewe, akipuliza moto kule nyumbani Rubondo, mtaa wao wa kambi, hakugeuza hata shingo, "Ulisema hivyohivyo kwa avoka, Baba Cyiza, mwaka tuliofika, na avoka tunanunua kwa jirani mpaka leo," akacheka peke yake, ana kicheko cha kumwaga chai yule mwanamke, na kweli avoka za jirani ni tamu, na tukirudi je, mti utabaki, atakula mtu, kuna ubaya gani mtu kula, na tusiporudi mapema... mwanawe Cyiza hajawahi kuijua baridi, atamfundisha kukwanyua, vidole vyake ni vyembamba, havijazoea kukamua... "Mzee, nampa?" "Nitaipanda yote mbili!" anadakia Bienvenu, subirini basi, mtu anafikiri, jani bado liko kati ya vidole, apande wapi, nyuma ya jiko hapana, moshi, kando ya choo hapana, mbuzi wa jirani Semahoro hulala pale, panapobaki ni mbele ya mlango, ule uwanja anaoufagia kila Jumamosi na kumgombeza yeyote anayeweka hata jiwe, uwanja wa lori litakalokuja kuwarudisha kwao, basi ni hapo, katikati kabisa, lori likija litazunguka.