Mkono wa Kulia

Wifi yake alimfungua Mama Pacha kitambaa kwenye kidole cha mkono wa kulia kabla hawajafika kwenye geti la kiwanda cha nguo. Sindano ya cherehani ilikuwa imekitoboa juzi ikatokea upande wa pili, na sasa kidole kimevimba, kimeiva kabisa.

"Kikunje ndani ya kiganja," wifi alisema. "Usipochaguliwa leo mapacha watakula nini? Na mimi niombee, hili tumbo lisinichongee."

Mama Pacha alicheka kidogo, roho juu juu. Kushona kote huko, miaka nenda miaka rudi, na bado kila asubuhi wanapangwa getini kama watu waliokuja jana, msimamizi akiwapitia: wewe, wewe, wewe hapana. Mtu hajui hata kama awaage watoto au asubiri kwanza. Ukutani, maandishi mekundu makubwa: USALAMA KWANZA. Usalama wa nani, jamani!

"Imebaki nafasi moja," msimamizi alisema, akasimama mbele yao wawili. "Mgonjwa simtaki. Akianguka kwenye mashine, lawama zote kwangu. Haya, nani mgonjwa hapa?"

Macho ya msimamizi yakashuka, yakafika kwenye ngumi ya Mama Pacha, yakatulia hapo.

"Wifi ana mimba."

Lo! Hata Mama Pacha mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ingia," msimamizi alimwambia. Wifi alipungiwa mkono tu, aondoke.

Geti lilikuwa likifungwa wifi aliporudi mbio. Mama Pacha akajua yamemkuta. Neno moja tu kuhusu kidole, wote wawili wangerudi nyumbani, na angestahili. Lakini wifi alipenyeza mkono kati ya vyuma, ameshika kopo la chakula chao.

"Chukua, usije ukashinda na njaa. Mapacha nitawaangalia mimi."

Mama Pacha akalishika kwa mkono wa kushoto.

"We mama!" msimamizi alifoka. "Mtu anakupa chakula unapokea kwa kushoto? Hukufunzwa adabu kwenu?"

Wifi hakuliachia kopo. Alilishikilia, akimtazama Mama Pacha usoni, akitikisa kichwa polepole, kama kusema: si kwa mkono huo.

Mama Pacha alikunjua ngumi. Akapokea kwa mkono wa kulia, usaha ukachuruzika juu ya mfuniko.

"Ahsante, wifi," alisema, akilazimisha tabasamu.

Msimamizi alisogea karibu. "Hebu nione huo mkono."