Debe la Dawa ya Josho

Huku kwetu Isansa, samaki wakielea mtoni hakuna anayeuliza maswali. Mtu amemwaga utupa, yale majani ya kulevya samaki, na anayemwaga utupa amewafungulia wote mto, kwa hiyo kila nyumba hutoka na kikapu. Serikali ya Mwingereza ilipiga marufuku, nasi tukaendelea kimyakimya. Ndiyo maana asubuhi ile samaki walipojaa ukingoni tulikimbia tukicheka, mimi mbele. Samaki wa utupa huliwa bila shida. Tukaosha, tukapika. Mbwa waliokula matumbo ndio walioanza kutapika. Jua halijazama, nyumba nzima ya jirani yangu Ruti ilikuwa inaharisha damu. Mtoto wake wa mwisho tulimzika kesho yake.

Hakuna aliyemwaga utupa. Mzungu wa shamba la kahawa huko juu alikuwa amesafisha josho la ng'ombe wake, akaiachia ile dawa chafu ya kupe iteremke mtoni. Mume wangu Osea aliiona kwa macho yake ikichuruzika, akaenda kumweleza jumbe Sadoki. Alikwenda kushtaki kwa fisi habari za mbuzi. Ng'ombe wa jumbe huogeshwa katika josho lilelile, bure. Jumbe akamwita bwana mifugo kutoka Mbeya, akamwambia kwamba Osea amepanda utupa kuzunguka shamba lake. Kweli amepanda. Nani hapandi? Bila utupa fuko wangetumalizia viazi.

Bwana mifugo akaagiza tulete kwenye baraza la kijiji madebe mawili ya maji safi na samaki hai. La kwanza alilitia majani ya utupa yaliyopondwa, la pili kijiko cha dawa ya josho. Kijiko, ilhali mtoni liliteremka josho zima. Samaki wa utupa walipinduka mara moja. Wa dawa wakaendelea kuzunguka. Akanawa mikono, akatangaza kwamba utupa ni sumu kali, ila dawa ya josho haiwadhuru samaki. Tena, akasema, kama mlijua ni sumu, mbona mlitoka na vikapu? Jumbe akashuhudia kwamba ng'ombe wake huogelea ndani ya dawa ile na hawafi.

Niliomba tungoje mpaka asubuhi tuwaone samaki wa dawa. Bwana mifugo akatazama gari lake. Wakaondoka na Osea akiwa na pingu, yeye aliyekwenda kushtaki.

Madebe waliyaacha palepale barazani. Kulipokucha nilikwenda kuyatazama, nikawakuta samaki wa dawa wote wamekufa, matumbo juu. Nililibeba lile debe mpaka kwa jumbe. Alikuwa uani anakunywa uji. Akachungulia ndani, akaendelea kunywa.

“Mama Tabita, kesi imekwisha,” akasema. “Bwana mifugo ameshaamua.”

“Ameamua kwamba dawa hii haidhuru?”

“Haidhuru.”

“Na wewe umeshuhudia?”

“Nimeshuhudia.”

Nikalimwaga debe lote miguuni pake. Jumbe aliruka, kibuyu cha uji kikaenda huko. Akampigia mkewe kelele awashike watoto wasikanyage, awafungie kuku, alete maji anawe miguu upesi. Mkewe akatoka mbio na mtungi wa maji ya mtoni. Jumbe akamfukuza nao, akataka ya kisimani.