Waliokatwa Wanakunywa Kahawa

Tsedale alikuwa anakaanga buni sebuleni, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni kama desturi yao ya kunywa kahawa, mlango ukagongwa. Akafungua. Nje alisimama mume wake, Bezabih, na lile koti la mlinzi analovaa kwenye vichekesho vya runinga, usoni kapakwa X kubwa nyekundu. Ila Bezabih huyohuyo alikuwa ndani, kwenye kigoda, anakata kucha.

"Ni kile kipande cha Jumapili," mume akasema bila kuinuka. "Wamekikata."

"Karibu basi," Tsedale akamwambia wa mlangoni. "Futa miguu."

Kwa miaka mingi Addis Ababa nzima inamjua Bezabih. Hata wazee wanaomzidi umri wanamwita Gashe, kwa heshima. Kwenye kile kipande, mlinzi anaamka asubuhi anajikuta kapakwa X usoni, kama nyumba za kubomolewa kupisha barabara. Anaenda ofisini kuuliza: "Barabara inapita puani tu, au na masikio yanaenda?" Studio walicheka mpaka kamera ikatikisika. Hewani kipande kikakatwa, ukapigwa muziki. Na X kama hiyo ilikuwa kwenye kila mlango wa mtaa wao, wa kwao ukiwemo.

Tangu hapo kila kilichokatwa kilirudi nyumbani. Akaja mjane aliyehamishiwa ghorofa isiyo na ngazi. Akaja dereva wa mheshimiwa. Wote ni Gashe yuleyule kwenye nafasi alizoigiza, wote wanapenda kahawa na sukari nyingi. Tsedale akaenda kuazima vikombe.

"Shoga, kwani umeolewa na wangapi?" jirani akamuuliza.

"Mmoja tu. Hawa wamekatwa."

Mkesha wa mwaka mpya akaja Mekbib, bosi wa kipindi, na shada la maua ya njano. Akakaa kati ya mjane na dereva.

"Gashe, kesho tuko mubashara, nchi nzima inatazama. Omba radhi kidogo tu kwa ile X, mji mzima umeshasimuliwa. Ukigoma, koti la mlinzi namvalisha mwingine."

Yule wa X akamwinamia. "Bosi, kwa pua kubwa hiyo, kwako inapita barabara ya njia nne."

Mekbib akacheka hadi kahawa ikamtokea puani. Akajifuta, akasimama.

"Kaa, baba," Tsedale akamwambia. "Bado kikombe cha tatu. Cha tatu ndicho cha baraka."

"Nina haraka, mama."

Kesho yake Gashe akasimama mbele ya kamera, suti imepigwa pasi.

"Ndugu zangu, naomba radhi. Nilisema barabara inapita puani. Nilikosea. Inapita sebuleni kwangu."

Muziki ukapigwa. Aliporudi nyumbani alijikuta keshafika, na suti ileile, anapuliza kikombe cha pili.

"Umechelewa," Tsedale akasema, akamsogezea kigoda.

Katapila likaja sikukuu ilipoisha. Dereva wake alimtambua Gashe, akazima mashine, akanywa vikombe vyote vitatu, akashukuru kwa mikono miwili. Kisha akawasha, akaibomoa nyumba. Mtaa mzima ukaenda.

Sasa Gashe na mkewe wana chumba kimoja nje kabisa ya mji. Koti la mlinzi analo mwingine, na wala hachekeshi. Lakini kila jioni, saa ileile ya kipindi, wawili hao wanakuja na jiko lao hadi katikati ya lami ya barabara mpya, pale ilipokuwa sebule yao. Waliokatwa wanakuwa wameshatandaza nyasi. Magari yanapunguza mwendo, yanawazunguka. Trafiki kawawekea koni.

Juzi gari la Mekbib likakwama hapo. Akapiga honi, akapiga tena.

"Piga tu, bosi," Gashe akamwambia. "Sisi hatuondoki kabla ya cha tatu."

Tsedale ndiyo kwanza alikuwa anakaanga buni.