Foleni Ndani ya Kompyuta ya Mahmoudi

Kwenye kompyuta ya Mahmoudi ulikuwa ukibonyeza herufi moja unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukaikuta ndiyo kwanza inajitokeza kwenye kioo. Na boti ya Basoko ilikuwa inaondoka saa saba mchana.

Mahmoudi alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale mtaa wa Makiso. Wiki iliyopita alisimama mbele ya ukoo mzima akaapa kwamba kadi za harusi ya Rachida, binti wa dada yake Khadija, atazichapa yeye, tena bure. Sitini kati ya hizo zilikuwa za wajomba wa bwana harusi, kule Basoko, na wajomba hao walikuwa na msimamo mmoja: asiyeona jina lake kwenye kadi hakualikwa, na wasipoalikwa wao, hakuna harusi. Boti nyingine ingeondoka baada ya siku ya harusi yenyewe.

Tangu asubuhi alikuwa amejaribu kila dawa. Aliifungua mashine ubavu, akaipepea kwa mfuniko wa sufuria. Akaisogeza dirishani ipate upepo wa mto. Akaipiga kofi, si la hasira, la kumwamsha mtu. Mwisho akakata shauri kwamba prosesa imezeeka, akamwita Marthe.

Huyu Marthe ni mtu wa Yanonge, fundi wa simu mwenye meza hapo jirani, na maneno hazungushi. Kwanza alipuliza feni ya ndani, likatoka vumbi la kutosha kupanda muhogo. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kioo kikaleta orodha ndefu. Akaihesabu midomo ikicheza. Barua, maombi ya kazi, matangazo ya msiba, mengine na picha zake za rangi, yote yako wazi kwa wakati mmoja: arobaini na tatu.

"Papa Mahmoudi, prosesa iko muzima kabisa," akasema. "Lakini batu makumi ine na tatu banaiita pamoja. Hata wewe, bakikuita vile, utashindwa kujibu. Donc, funga yote."

"Nitafunga namna gani? Ile iko place ya batu."

Marthe akamtazama kama anayemtafutia homa usoni. Ikabidi aelezwe. Pale kwenye bomba la maji, mtu huacha bidoni yake kwenye mstari akaenda zake nyumbani, na ole wake atakayeisogeza. Basi siku wateja wawili walipokamatana mashati humo kibandani, Mahmoudi aliiingiza sheria hiyo kwenye kompyuta. Ukifungua barua yako ikakaa wazi, umeshika nafasi. Nenda sokoni, rudi hata mwezi ujao. Umeme ukikatika, betri ya gari inashikilia. Wa kwanza kwenye foleni hiyo alikuwa Papa Timothée, mwalimu mstaafu, ambaye tangu mwezi wa pili alikuwa anamwandikia kaka yake barua ya kuomba msamaha. Kila asubuhi alikaa, akafuta neno "mpendwa", akaliandika tena, akaenda nyumbani akilaumu mashine.

Marthe akasema vizuri, kila barua ihifadhiwe halafu ifungwe, hakuna herufi itakayopotea, na foleni itoke nje ikae kama foleni ya watu wenye akili. Simu zikapigwa. Walioweza walikuja, wasioweza walituma kitu. Ilipofika saa tano barazani palikuwa na mstari wa beseni, bidoni, kofia, kiti cha plastiki, kandambili moja isiyo na mwenzake, na kuku aliyefungwa mguu, ambaye Safi, muuza mihogo, alisema ndiye anamshikia nafasi na asiguswe. Kila kitu kilipowekwa chini, Marthe alifunga barua moja.

Alipofunga ya mwisho, Mahmoudi akabonyeza herufi, ikatokea kabla hajainua kidole. Hakuamini. Akaandika jina lake mara sita. Akapakia karatasi kwenye mashine ya kuchapa.

Safi akamgusa bega, akamuuliza kwa upole kabisa yeye ni wa ngapi.

Kwa sheria aliyoitunga mwenyewe, Mahmoudi alikuwa wa arobaini na nne. Nyuma ya kandambili. Nyuma ya kuku. Alijaribu kutaja harusi. Safi akajibu kwamba hata yeye ana harusi, ila hakusema ya nani, na baraza lote likaguna upande wake. Saa sita ilikuwa inakaribia. Mahmoudi aliwaona wajomba wa Basoko kama vile wako mbele yake, wamekunja mikono.

Basi akaitwa wa kwanza, Papa Timothée. Mzee akakaa. Barua ikafunguka kufumba na kufumbua, na kale kamstari ka kuonyesha pa kuandika kakawa kanawaka na kuzima, kanamngoja yeye. Safari hii hapakuwa na mashine ya kulaumu. Jasho likamtoka.

"Mahmoudi," akanong'ona, "wewe uko wa ngapi?"

"Ya makumi ine na ine, papa."

"Bon. Tubadilishane."

Hakuna aliyeweza kupinga, maana nafasi ni ya mwenyewe, humpa amtakaye. Mzee alitoka kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa imeusahau, akasimama mwisho wa mstari, uso umetulia kama mtu aliyepata likizo.

Kadi sitini zilitoka moja juu ya nyingine. Mahmoudi akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, akamhimiza mwendeshaji mpaka bandarini, na saa saba kasoro dakika tano akamkabidhi karani wa boti kadi, bado zina joto. Karani akaisoma ya juu, akauliza kama wanaozibeba nao wamealikwa. Mahmoudi, kwa furaha aliyokuwa nayo, akasema ndiyo, boti nzima. Mabaharia tisa wakapiga makofi, mmoja akataka kujua kama kutakuwa na liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani. Akamwambia itakuwepo, ya kutosha.

Boti ilipokwisha kusukumwa majini ndipo akakumbuka kwamba mpishi wa harusi ni dada yake Khadija. Akarudi kukaa nyuma ya toleka, akamwambia mwendeshaji aende polepole, tena apitie njia ndefu.