Vioo vya Fundi Subiri

Jina la Subiri alipewa na wenye haraka. Tangu tetemeko liangushe nusu ya mtaa, kila aliyemwendea mwashi yule kumuuliza kama anaweza kurudi kulala kwake alijibiwa neno hilohilo: subiri. Walimcheka, wakamnunia, lakini hakuna aliyethubutu kutandika kitanda kabla yeye hajaruhusu. Alikuwa mwoga kama kunguru, na kwa kazi ile mwoga ndiye anayefaa.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Kwenye kila ukuta wenye ufa alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa wenyewe, kwa saruji, ncha moja huku na nyingine kule. Ukuta ukitulia, kioo kinakaa. Ukuta ukisogea hata unywele, kioo kinapasuka. Alipomaliza akaenda upande wa chini wa mtaa, ambako yeye na majirani walikuwa wanasimamisha upya nyumba zilizolala chali. Kazi ya kuvipitia vioo kila asubuhi akamwachia mdogo wa mkewe, binti waliyemwita Madoido kwa sababu hawezi kupita kwenye pazia lililokaa upande bila kulinyoosha.

"Vipi vioo, shemeji?" alimuuliza kila alipowaletea chai.

"Vizima vyote. Usiwe na wasiwasi."

Kumwambia Subiri asiwe na wasiwasi ni kumwambia samaki asilowe. Mitetemo midogo ilikuwa bado inapita, sufuria zikigongana kabatini, na kila ilipopita yeye aliwaza ufa mmoja tu: ule wa chumbani kwa mama mkwe wake, pale juu ya kichwa cha kitanda. Mama mwenyewe alikuwa kwenye hema uwanjani, kikohozi kimemshukia kifuani. Akimwacha kule, baridi itamwua. Akimrudisha na ukuta ukamwangukia, atamtazama mkewe kwa macho gani? Lakini vioo vilikuwa vizima. Mwishowe akapiga moyo konde, akawaruhusu watu warudi. Siku nzima mtaa wa juu ukawa godoro na ndoo, ndoo na godoro. Subiri akamweka mama mkwe wa mwisho, kesho yake asubuhi, ili apate usiku mmoja zaidi wa kuogopa.

Asubuhi hiyo mama aliingia kwake bila kumngoja mtu, akaenda moja kwa moja chumbani. Subiri alibaki mlango wa mbele, mguu nje mguu ndani, Madoido nyuma yake. Alipobandika kioo mle, chumba kilikuwa kuta tupu. Sasa kilikuwa na kitanda cha mama mkwe, na chumba kama hicho mkwe haingii.

"Mkwe!" mama aliita kutoka ndani. "Kumbe umenitilia na kioo cha kujitazamia? Mungu akubariki. Ngoja nifunge kilemba vizuri, nifanane na mwenye nyumba."

Subiri aligeuka. Yeye alibandika kioo cha dirisha, kisichoonyesha sura ya mtu.

"Ni mimi, shemeji," Madoido alisema, anatabasamu. "Kile chako kilipasuka, nikaokota kipande cha kioo cha kabati. Si kimependeza zaidi?"

"Kilipasuka lini?"

"Wiki iliyopita. Nikabadilisha. Na juzi tena. Nikaona wewe una mambo mengi, hiki kidogo nisikusumbue nacho. Hata saruji nilikoroga mwenyewe."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayengoja kusifiwa. Subiri aligeukia ndani.

"Mama! Toka nje!"

"Nitoke niende wapi? Ndiyo kwanza nimefika. Hemani sirudi, labda mnibebe." Akasikika anachana nywele. "Ila mkwe, kioo chako kina kasoro. Kilikuwa kizuri sasa hivi tu, mara nina pua mbili."

Subiri hakupiga hodi. Aliingia, akaona kioo kimepasuka juu mpaka chini, nusu yake moja imeshuka, na vumbi la chokaa linachuruzika kitandani. Akamnyanyua mama mkwe wake mzimamzima.

"We! Mkwe! Umerukwa na akili?" Mama alimpiga za bega kwa chanuo mpaka walipotoka uani. Alikuwa mwepesi, kikohozi kimemmaliza. Subiri akamkalisha kwenye godoro lililokuwa bado limefungwa kamba. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Shemeji," alimwambia Madoido alipopata pumzi, "kile kioo si pambo. Kikipasuka maana yake ukuta bado unakwenda. Ndiyo kazi yake, kupasuka."

Hapo akamwona binti anabadilika sura. Mkono ukapanda taratibu mdomoni.

"Shemeji... si hiki tu."

"Unasemaje?"

"Na vya wengine. Vilivyopasuka vyote nilibadilisha. Sikutaka wavunjike moyo."

Subiri alitazama mtaa wa juu. Mapazia yalikuwa yameshatundikwa. Jiko la mtu lilikuwa linatoa moshi, na nyuma ya mlango mmoja mtoto alikuwa anacheka, ndani ya nyumba ambayo yeye mwenyewe alisema ifunguliwe. Hakuuliza ni vioo vingapi. Alikimbia, na sauti yake iliyozoea kusema subiri sasa ilikuwa inapasuka kwa kupiga kelele: "Tokeni! Tokeni nje wote!"

Mama mkwe hakungoja aelezwe mara ya pili. Alichomoa sufuria kwenye mizigo yake, akashika mwiko, akaushika upande wa pili wa mtaa anagonga na kukohoa, anagonga na kukohoa, kilemba kikiwa kimefungwa nusu.

Jirani wa kwanza alichungulia dirishani. Alimwona mama wa watu amerudi, na sufuria yake inalia, akapiga kigelegele cha kumkaribisha nyumbani, kisha akarudi ndani kumwekea chai.

Subiri akaupiga mlango wa jirani huyo teke.