Firigisi ya Buhendwa

Tunakaa nyumba tatu kwenye parseli moja, kiwanja kimoja, na ya Domitille inatazamana na yangu. Asubuhi ile alivuka uwanja bila hata kusalimu, akasimama mbele ya jogoo wangu kama mutu anayetaka kupigana naye.

"Mama Joviale, huyu jogoo wako atatuuwa."

"Tangu lini jogoo anauwa mutu?"

"Akiwika, wanajua hapa kuna kitu cha kubeba. Umeshasahau ya juzi?"

Sijasahau. Wenye bunduki waliingia kwa jirani, wakabeba kuku, mbuzi na magodoro, na papa, baba wa nyumba ile, mpaka leo amelala hospitali. Lakini mimi nina mudomo. Nilimujibu akamunyamazishe kwanza mume wake, maana anakoroma kuliko jogoo yeyote. Hakucheka.

"Sisi wote wa hapa tumeongea," akasema. "Mwisho Jumapili."

Mwingine angechinja siku ileile. Kuku wangu watatu wanataga hata bila jogoo, na Joviale, mutoto wangu, anahitaji yai, si makelele. Hilo ninalijua, mimi si mujinga. Lakini jogoo ni wa Buhendwa, mume wangu. Vita ilipofika mulangoni na yeye akatoka kwenda Kibati kumutafuta dada yake, huyu alikuwa kifaranga cha kuenea kiganjani. Buhendwa akaniambia, "Huyu usimuguse. Nitamula nikirudi." Sasa ni mwaka na miezi mitatu. Dada alirudi peke yake, hata hawakuonana. Kumuchinja jogoo ni kusema kwamba mwenyewe harudi, na mimi hilo sikutaka kulisema.

Nikajaribu. Wanasema jogoo asiponyoosha shingo hawiki, basi nikamufunika na beseni, juu nikaweka jiwe. Uongo mutupu! Aliwika ndani ya beseni, sauti ikatoka kubwa mara mbili.

Mama mukwe, ninayeishi naye, alikuwa upande wangu. Kila aliyelalamika alimujibu neno moja: "Mumuache. Mwenyewe atakuja." Mimi na yule muzee hatupatani sana, lakini kwa neno lile nilimupenda.

Jumapili, tulipotoka misa, nikamukuta Domitille anafunga magodoro. Anapeleka watoto Kituku kwa kaka yake, chumba kimoja, watu tisa. Hakunitukana. Kamba ilikuwa inamuponyoka tu, anaanza kufunga upya. Yesu Maria, aibu ikanishika.

"Fungua mizigo," nikamuambia. "Tutamuchinja leo."

Kwetu mwanamuke hashiki kisu cha kuchinja, basi tukamuita shemeji yangu Baharanyi, ndugu ya Buhendwa, kutoka Birere. Akamaliza kazi haraka bila kunitazama. Nikapika. Nililia, na sisingizii moshi.

Firigisi ni ya papa wa nyumba. Muke haili, mutoto haili; papa akiwa safarini, unamuwekea. Nikaitia kwenye kibakuli chenye kifuniko, nikakiweka juu ya kabati. Nilijiambia: jogoo amekwenda, sawa, lakini hii inamungoja.

Tukakaa kula, bugali katikati. Mama mukwe akainuka polepole, akakishusha kile kibakuli, akakifunua. Akaiweka firigisi kwenye sahani ya Baharanyi.

"Kula, papa."

Baharanyi akanitazama, akamutazama mama yake. "Mama, hii ni ya..."

"Ninajua ni ya nani. Kula."

Nilitaka kumunyang'anya. Nilitaka kumuuliza yule muzee ameanza lini kujua kwamba mwenyewe harudi, na kwa nini kila siku alikuwa ananiambia mengine. Mudomo wangu, wenye jibu kwa kila mutu, nikaujaza bugali. Baharanyi akatafuna, macho chini, akatafuna muda murefu.

Akameza. Mama mukwe akanipa kibakuli kitupu, na mimi nikatoka nje kukiosha.