Saa ya Boksi ya Darasa la Sita

Jumatatu, baada ya paredi, Mwalimu Theopista aliingia Darasa la Sita na maboksi ya sabuni aliyoyaomba kwa mwenye duka wa Mtaa wa Sikukuu, sufuria ya uji mzito wa muhogo, na kopo la misumari midogo ya fundi viatu. Watoto walisimama, wakasema shikamoo mwalimu kwa ile sauti yao ya kuvuta. Akaitikia marahaba, akawaambia wakae. Wakakaa sakafuni. Serikali ilikuwa imesema watoto wote waingie shule, nao wakaingia wote. Madawati ndiyo hayakuambiwa.

Somo lilikuwa Hisabati, mada ya muda. Watoto hao walikuwa wepesi wa kuzidisha na kugawanya, lakini ukiwauliza basi likiondoka Mnazi Mmoja saa mbili kasoro robo litafika Upanga saa ngapi, walikutazama kama umewatukana. Haikuwa kosa lao. Shule nzima ilikuwa na saa moja tu, ya mkononi, ya Mwalimu Mkuu Awadhi, nayo ilikufa zamani. Aliivaa kwa sababu ya cheo. Theopista alikuwa binti wa seremala wa Kibosho, hakuamini kitu ambacho mkono haujakigusa, kwa hiyo aliamua kila mtoto atengeneze saa yake.

Wakakata maboksi kwa kufuata duara la sufuria. Mishale wakaichonga kwenye makopo ya maziwa, uji ukawa gundi, na namba wakaziandika kwa mkaa. Uji uliobaki ulilambwa, jambo ambalo Theopista aliona ila hakulisema.

Mtoto hodari kuliko wote alikuwa Sitara, ambaye mama yake aliuza vitumbua Mtaa wa Narung'ombe. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani. Kwa mwandiko, lo. Alikuwa akiandikia gotini tangu darasa la kwanza, na herufi zake zilianza kwenye mstari wake zikaishia kwa jirani. Mwakani alikuwa na mtihani wa kuingia sekondari, na Theopista alijua kwamba msahihishaji mwenye rundo la karatasi hahangaiki na mwandiko wa namna ile. Mtoto huyu alihitaji kitu kimoja, ubao wa kuegemeza daftari, na Ndugu Polycarp wa ofisi ya elimu alishaahidi madawati wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa na umri wa mwaka na nusu.

"Kikao cha wazazi kesho ni saa tatu," alisema Theopista. "Nionyesheni saa tatu."

Saa zote zikaonyesha saa tatu. Ya Sitara iliwekwa saa tatu, kisha mishale ikajisogeza yenyewe, taratibu, mpaka saa tano na nusu. Theopista akampa kosa.

Kesho yake kikao kilianza saa tano na nusu. Theopista alitoka kikaoni, akaenda darasani, akalikata lile kosa, akampa Sitara vema yake.

Ndipo ikajulikana kwamba saa hiyo haisemi sasa ni saa ngapi. Ilisema jambo ulilouliza litaanza lini hasa, achana na tangazo. Mama yake Sitara alikuwa wa kwanza kufaidika. Duka la ushirika lilitangaza sukari saa mbili asubuhi. Saa ikasema saa tisa alasiri. Akakaanga vitumbua vyake, akaviuza, akaoga, akaenda akawakuta wenzake waliojipanga tangu alfajiri wakilumbana, naye akaingia kwenye foleni pamoja na gari la sukari.

Baada ya hapo mtaa mzima ulihamia dirishani pa darasa. Bwana mmoja aliuliza suruali yake itatoka lini kwa fundi Anselmi. Mshale mfupi ulizunguka mara nyingi hadi yule bwana akaomba kigoda. Anselmi alikasirika, akasema hiyo ni fitina ya boksi, lakini naye alirudi jioni kuuliza vifungo alivyoagiza vitafika lini.

Theopista hakuwafukuza. Aliweka sharti moja: anayeuliza aje ubaoni, aandike muda alioahidiwa, aandike muda wa kweli, atoe mmoja kwenye mwingine, maana hili bado ni somo. Watu wazima wakashika chaki. Waliosahau kukopa walifundishwa upya na Sitara, aliyekuwa mkali kuliko mwalimu.

"Baba, huwezi kutoa dakika thelathini kwenye kumi. Kopa saa moja."

"Nikope kwa nani, mwanangu?"

"Kwa jirani yake hapo kushoto. Andika vizuri."

Mzee Abbasi, mwenyekiti wa tawi la chama, alifurahi kuliko wote. Miaka yote alikuwa akitangaza mikutano saa tatu ili watu waje saa tano, nao, kwa kumjua, wakawa wanakuja saa sita. Sasa kila mtu aliuliza saa ya boksi, wakafika wote kwa pamoja na mgeni rasmi, na mkutano ukaanza kwa wakati. Hapakuwa na wa kumsubiri mwenzake, na wengine walikosa cha kuzungumza.

Swali moja tu halikuulizwa. Theopista alikuwa nalo mdomoni kila siku na kila siku alilimeza. Aliogopa, basi. Kutojua kulikuwa kunamsaidia kufundisha.

Ijumaa moja Ndugu Polycarp alikuja kutazama zana za kufundishia, maana habari zilikuwa zimemfikia. Alisimama mbele ya darasa ndani ya suti yake ya mikono mifupi, jasho likimtoka, akasema hii ndiyo elimu ya kujitegemea, na madawati yako njiani. Kisha akaomba aonyeshwe.

Saa ilikuwa imetundikwa juu ya ubao. Sitara akasimama chini yake na kumtazama mwalimu wake.

"Mwalimu, niulize la madawati?"

Mwalimu Mkuu Awadhi alianza kuitazama saa yake ya mkononi. Theopista aliiweka chaki chini. 

"Uliza, mwanangu."

Sitara akauliza. Mshale ukapita saa sita, ukapita tena, ukaendelea. Wote walingoja. Ukaongeza mwendo hadi mishale miwili haikuonekana tena, likabaki duara la bati linalovuma, na upepo ukashuka darasani. Karatasi zikaruka. Ndugu Polycarp alifungua kifungo cha juu, akafumba macho.

"Ah," alisema. "Hapa pana ubaridi mzuri."

"Ndugu, umeona jibu?" aliuliza Theopista.

"Nimeona, mwalimu. Hongereni sana. Hata ofisini kwetu hakuna."

Mgao wa madawati ulipotoka, ulipelekwa shule nyingine, kwa maelezo kwamba haiwezekani shule yenye pangaboi iongezwe na madawati wakati wenzao hawana hata moja. Awadhi alikubali kwamba hoja ilikuwa ya haki. Waliomba ofisi iichukue saa na kutoa madawati. Wakajibiwa kwamba ombi ni zuri na litashughulikiwa wiki ijayo, na siku hiyo upepo ulikuwa mkali kiasi cha kumvua mwalimu kitambaa cha kichwa.

Watu wa dirishani walirudia kungoja kama zamani, kwa kuwa saa haikuacha kuzunguka, haikuwa na nafasi ya swali jingine. Theopista akawaagiza watoto kila mmoja aje na jiwe la kushikia daftari. Wakaja na mawe.

Mwaka uliofuata Sitara alifanyia mtihani katika chumba kile, sakafuni, gotini. Alimaliza wa kwanza. Theopista aliipokea karatasi, akasoma majibu yote kwa kuwa yeye aliuzoea mwandiko ule, na yote yalikuwa sahihi. Akaiweka juu ya rundo la kwenda kusahihishwa, kwa uangalifu, akaliwekea jiwe.